Nani Aliyekuandikia?

Mtoto wa kaka yangu anaishi Uingereza. Alipokuja Tanga kutusalimu mwaka juzi, aliacha kitabu chini ya mto katika chumba cha wageni. Sikujua kama amekisahau au amekiacha kwa makusudi, maana watoto hawa wana namna zao za kutusomesha sisi wakubwa. Nilimpigia simu. Akacheka, akasema, "Kisome tu, shangazi. Lakini ukikimaliza, usimpe baba."

Nilikijalidi kwa gazeti, kama tulivyokuwa tukivijalidi vitabu vya shule, nikakisoma kwa usiku nne. Kinaitwa The Intimate Adventures of a London Call Girl, nacho kilichapishwa London mwaka 2005. Mwandishi hakutaja jina lake. Alijiita Belle de Jour.

Kwa wasomaji wasiokifahamu, niseme kwa ufupi. Mwanamke huyu alianza kuandika shajara yake katika intaneti mwaka 2003, na mwaka huohuo gazeti la Guardian likamtuza. Shajara ikawa kitabu, na mwaka 2007 kitabu kikawa tamthilia ya televisheni. Anasimulia jinsi alivyofanya kazi chini ya wakala aliyempeleka kwenye mahoteli na nyumba za wateja wenye nazo. Malipo yalikuwa paundi 300 kwa saa, na katika hizo wakala alichukua 100. Anayekifungua kwa kutazamia machafu atayakuta, sikatai. Lakini kilichonishika mimi si hayo. Ni sauti: kavu, ya mzaha, ya mtu aliyesoma vitabu vingi na asiyeona haja ya kuomba radhi kwa kuvisoma.

Jina lenyewe la kupanga linaonyesha usomaji huo. Kwa Kifaransa, Belle de Jour ni jina la ua linalochanua mchana. Joseph Kessel alilitumia kama jina la riwaya yake ya mwaka 1928, inayomhusu mke wa daktari anayekwenda danguroni nyakati za alasiri tu, na Luis Buñuel akaifanya filamu mwaka 1967. Kwa hiyo mwandishi wetu alijificha nyuma ya ua, nyuma ya riwaya na nyuma ya filamu, kila kimoja kikisimama mbele ya kingine. Mtu wa namna hiyo anajua analolifanya kwa maneno.

Sisi wastaafu wachache hukutana barazani kwangu kila Jumamosi baada ya alasiri. Aghalabu tunasoma mashairi, na kugombana juu ya vina. Nilikitoa kitabu kile kwa wawili wanaosoma Kiingereza bila taabu. Wa kwanza alifundisha Historia kwa miaka thelathini na zaidi. Alikirudisha siku ya tatu, akakiweka juu ya meza kwa vidole viwili kana kwamba kina maji, akasema, "Huyu ni mwanamume."

Nikamwuliza amejuaje.

"Mwanamke hawezi kuifanya kazi ile kisha akaandika kwa utulivu kama huu. Angelia, walau ukurasa mmoja."

Wa pili alikuwa mkuu wa shule, na mpaka leo tunamwita Mwalimu Mkuu. Yeye alikaa nacho wiki mbili. Hukumu yake ilikuwa tofauti kidogo. "Mwanamke ni mwanamke, hilo sina shaka nalo, maana anaziona nguo. Lakini kazi hiyo hakuifanya. Amesimuliwa na mwingine, yeye akapamba." Shemeji yangu, ambaye hakukisoma wala hatakisoma, aliuliza paundi 300 ni shilingi ngapi. Tulipomwambia, alinyamaza mpaka magharibi.

Wenzangu hawakujua kwamba walikuwa na wenzao wengi. Kwa muda wa miaka sita wasomaji wa Uingereza walisema hayohayo. Walisema ni mwanamume. Walisema ni mtunzi wa riwaya anayejificha, au mwandishi wa magazeti anayetafuta fedha. Majina yalitajwa magazetini, mmoja baada ya mwingine, na waliotajwa wakakana. Mwaka 2004 gazeti la The Times lilimtumia Don Foster, profesa wa Marekani anayewatambua waandishi kwa kulinganisha matumizi yao ya maneno na alama za uakifishaji. Bwana huyu alikuwa na sifa kubwa, kwani mwaka 1996 ndiye aliyemtambua Joe Klein kuwa mwandishi wa riwaya ya Primary Colors iliyotoka bila jina. Alikuwa pia ameunadi utenzi mmoja wa maombolezo kuwa ni wa Shakespeare, kisha mwaka 2002 akakiri kwamba alikosea. Safari hii alimnyoshea kidole mwandishi mmoja wa habari za muziki. Naye alikosea tena.

Novemba 2009 mwandishi alijitaja mwenyewe katika gazeti la Sunday Times. Jina lake ni Dakta Brooke Magnanti. Hakuwa mwanamume, hakuwa mtunzi wa riwaya, na hata Mwingereza wa kuzaliwa hakuwa: alizaliwa Florida. Alikuwa mwanasayansi mtafiti mjini Bristol. Kazi ile aliifanya kwa miezi kumi na minne, kati ya 2003 na 2004, wakati akikamilisha shahada ya uzamivu aliyoisomea Sheffield, fedha zikiwa zimemwishia. Chuo Kikuu cha Bristol kilijibu kwa maneno machache kwamba mambo hayo ya nyuma hayahusiani na kazi anayoifanya sasa. Nimewahi kuyasoma majibu mengi ya waajiri katika maisha yangu, na machache yalikuwa na adabu kama hilo. Lakini hata baada ya mwenyewe kujitaja, wapo walioshikilia kwamba ameitunga habari yote.

Nimelifikiria sana jambo hili, na linanisumbua kwa sababu za kazi yangu. Ushahidi uliotolewa dhidi ya mwanamke yule ulikuwa ni ufasaha wake. Hakuna aliyesema, "Mambo haya hayawezekani kutokea London." Kila mtu anajua yanatokea. Walisema kwamba aliyetokewa na mambo hayo hawezi kuyaandika vizuri hivyo. Sentensi ikiwa imenyooka, basi mwenye sentensi si mwenye mkasa. Angekosea tahajia angeaminiwa haraka zaidi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya juu ya msichana anayeharibikiwa, kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na mabishano yakawa makali. Lakini sijapata kumsikia mtu akiuliza kama kweli Kezilahabi aliweza kuiandika. Kijana wa kiume aliruhusiwa kuyajua maisha ya Rosa kwa kuyawaza tu.

Haki yao wakosoaji wengine niwape. Wapo waliosema kwamba kitabu hiki kinaisukia ukili mzuri biashara yenye majeraha mengi. Kwamba mwanamke mwenye shahada, mwenye wakala na mwenye paundi 200 za saa moja mkononi si mfano wa wanawake wanaosimama barabarani usiku, na kwamba msichana akikisoma anaweza kudanganyika. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali sehemu kubwa. Lakini angalieni kwamba ni hoja ya namna nyingine. Inampinga mwandishi juu ya alichokisema. Ile ya kwanza inamnyang'anya kalamu kabla hajasema.

Mtoto wa kaka yangu alipopiga simu tena, aliniuliza swali ambalo limenikosesha usingizi kuliko kitabu chenyewe: "Shangazi, hiki kwa Kiswahili kingeitwaje?" Kiingereza kina maneno ya madaraja katika jambo hili. Kadiri bei ya saa inavyopanda, ndivyo neno linavyovaa suti. Yupo wa njiani, yupo anayeitwa kwa simu, na yupo wa juu kabisa ambaye jina lake maana yake ni mtu anayekusindikiza tu. Hebu jaribu kusema kwa Kiswahili kwamba fulani ni msindikizaji. Msikilizaji atadhani amewafikisha wageni kituo cha basi.

Tunayo kahaba, neno la Kiarabu, ambalo wanakamusi wa kale wa lugha hiyo walilihusisha na mzizi wenye maana ya kukohoa, wakidai kwamba wanawake hao waliwaashiria wanaume kwa kikohozi. Ni neno la mimbari na la mahakama. Sijalisikia likisemwa kwa upole. Tunalo changudoa, lililovuma Dar es Salaam, ambalo ni jina la samaki, changu mwenye doa ubavuni. Aliyelitunga alikuwa na jicho la mshairi na moyo wa mchuuzi. Wapo siku hizi wanaosema dada poa, neno la vijana, lenye huruma kidogo ndani yake au lenye dhihaka, inategemea nani analitamka. Na tunalo malaya, ambalo leo ni tusi, tena tusi linalorushwa hata kwa mtu ambaye hajapokea senti ya mwanamume yeyote.

Hapo kwenye malaya nilisimama. Mwaka 1990 mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alichapisha kitabu juu ya biashara hii katika Nairobi ya enzi za ukoloni. Aliwahoji wanawake wazee waliokuwa wameifanya kazi hiyo Pumwani na mitaa mingine, nao wakamweleza aina tatu kwa istilahi zao wenyewe. Watembezi ni waliotafuta wateja njiani. Wazi-wazi ni walioketi nje ya milango yao na kutaja bei mbele ya watu. Na malaya ni yule aliyekaa ndani ya chumba chake akasubiri kubishiwa hodi. Huyu alimpa mgeni chai, maji ya kuoga, chakula na mazungumzo, na asubuhi jirani hakuwa na la kusimulia. Baadhi yao waliweka akiba wakawa na nyumba zao, wakapokea kodi kutoka kwa wapangaji. Katika vinywa vya wanawake wale, malaya lilikuwa jina la aina ya kazi, tena lile lenye staha kuliko mawili yaliyobaki.

Basi tunalo neno letu la daraja la juu, na tulikuwa nalo kabla Belle hajazaliwa. Tumelikanyaga mpaka likawa matope, kisha tunalalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho cha Nairobi. Wanawake wale walizungumza na mtafiti kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu zao tunazisoma kwa Kiingereza. Na hakuna msomaji aliyedai kwamba wamezitunga. Waliaminiwa, kwa sehemu, kwa kuwa kalamu ilishikwa na mtu mwingine, msomi mwenye utafiti wake. Wao walisema, yeye aliandika. Mpangilio huo haumtishi mtu.

Sasa nifike ninapopaswa kufika. Mwalimu wa Historia aliposema pale barazani, "Huyu ni mwanamume," wenzangu walitazamia nimpinge, kwa kuwa mimi ndiye mbishi wa jamii yetu. Sikumpinga. Usiku wa pili wa kukisoma kitabu kile, nilikuwa na penseli mkononi, napiga mstari chini ya sentensi nzuri. Sikuwa nazifurahia. Nilikuwa natafuta mshono.

Mkono ule wenye penseli naufahamu. Mwaka 1991 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya kutwa kwenye mji mmoja wa barabara kuu, mbali na pwani. Niliwapa kidato cha tatu insha yenye kichwa "Kazi Anayoifanya Mzazi Wangu". Nilipata wakulima wengi, madereva, walimu wawili, na baba mmoja rubani ambaye darasa zima lilijua ni utingo wa lori. Hayo ni ya kawaida. Binti mmoja aliandika juu ya mama yake, mhudumu wa baa iliyokuwa karibu na stendi. Mji mzima ulimfahamu mama yule, na mji ulisema zaidi ya aliyoyaandika binti.

Zilikuwa kurasa tatu bila kufutwa neno. Aliandika kwamba mama yake hutoka nyumbani saa ambayo mama wengine wanarudi, na kwamba hurejea kungali utusitusi, akavua viatu mlangoni, akaketi ukingoni mwa kitanda akingoja miguu ipoe. Hakumlaumu mama, wala hakumtetea. Niliisoma insha ile nimesimama katika ofisi ya walimu, na nilipoimaliza nilikwenda maktaba. Nilipekua riwaya na magazeti ya zamani kwa siku mbili, nikiutafuta ukurasa alikoiibia. Sikuuona. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika chini ya insha: "Nani aliyekuandikia?" Nikampa sifuri kwa ishirini.

Ingekuwa nimeishia hapo. Lakini darasani nilimsimamisha, nikamwuliza maana ya utusitusi, maana ndilo neno lililonitia shaka kuliko yote. Mtoto wa bara wa kidato cha tatu amelitoa wapi? Akajibu vizuri: ni wakati giza halijaisha na mwanga haujafika. Nikamwambia kwamba hata mwizi hujua jina la alichokiiba. Darasa likacheka. Mwalimu akifanya mzaha, wanafunzi hucheka, hawana hiari.

Baada ya siku chache mama yake alikuja. Alikuwa amevaa khanga safi, na alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. "Samahani, mwalimu," akasema, "nimetoka nyumbani kungali utusitusi ili nikuwahi kabla ya kipindi."

Alikuwa mzaliwa wa Pangani. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nimesikia neno lile, katika sentensi isiyo na pambo lolote, kutoka kwa mtu ambaye alikuwa bado hajalala.

Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba mwanawe asifukuzwe. Watoto wa mtaani kwao walimwambia kwamba binti ameshikwa na wizi wa maandishi, naye alitaka kujua ni ya nani, ili aende kwa mwenyewe akamwombe radhi. Yeye kusoma hakujua sana. Daftari lilikuwa juu ya meza yangu, limefunguka. Ningeweza kumsomea. Nilifikiria kwamba ni insha inayomhusu yeye, na kwamba atafedheheka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikalifunga daftari, nikamwambia, "Yamekwisha, mama. Ni mambo ya kitoto." Akanishukuru. Alinishukuru mara mbili, akaondoka.

Niliibadili alama ikawa kumi na saba. Lakini niliibadili katika kitabu changu cha maendeleo ya wanafunzi. Daftarini mwa binti ile sifuri ilibaki, na swali langu chini yake kwa wino mwekundu. Wala sikusema neno mbele ya darasa lililocheka.

Insha iliyofuata ilihusu safari ya kwenda shamba. Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Sentensi zilikuwa fupi, tahajia safi, na hapakuwa na neno hata moja ambalo ningeweza kumsimamisha nikamwuliza maana yake. Nilimpa kumi na moja. Aliendelea kupata kumi na moja, mara nyingine kumi na mbili, mpaka alipomaliza kidato cha nne, na katika taarifa zake za mwisho wa muhula mimi niliandika: "Anajitahidi."

Nilipowaeleza wenzangu habari za mwaka 2009, kwamba mwandishi amejulikana na ni mwanamke na kazi aliifanya, Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa akasema basi amekosea. Mwalimu wa Historia hakukubali. Alisema huenda mama huyo alisaidiwa na mhariri. Nilitaka kumjibu kwa ukali, kisha nikamwomba anipitishie kahawa.

Kitabu bado kiko kwangu, ndani ya gazeti lake. Mistari ya penseli nimejaribu kuifuta kwa raba, lakini karatasi ni laini na alama zinaonekana ukikiinamisha kwenye mwanga. Juzi mtoto wa kaka yangu alipiga simu akaniuliza, mwisho wa yote, nimekionaje. Nikamwambia kimeandikwa vizuri. Akakaa kimya upande wa pili, akingoja niongeze neno.